Istilahi za Kupanga Kurasa kwa Kompyuta: Uhakiki wa Mwongozo Mmoja

Hivi karibuni uliletwa mezani pangu, ili niutolee maoni, mwongozo mfupi wa Kiswahili uliokusudiwa wasanifu kurasa, yaani watu ambao kazi yao ni kupanga maandishi na picha kwa kompyuta kabla ya kupelekwa mtamboni. Mwongozo huo haukutaja jina la mwandishi, nami sitaitaja ofisi iliyoutoa, kwa kuwa nia ya makala haya ni kuyapima maneno wala si kumwaibisha mtu. Mashauri yaliyomo ni mazuri. Msanifu anayeyafuata kwa Kiingereza atafanya kazi safi. Lakini yaonekana kwamba yaliandikwa kwanza na mtu aijuaye kazi, kisha yakafasiriwa na mtu aijuaye lugha, na watu hao wawili hawakupata kuonana. Matokeo yake ni kwamba msanifu anayeyafuata kwa Kiswahili ataharibu karatasi.

Jambo hili si dogo. Wasanifu kurasa wengi wa leo hawakuingia katika kazi kwa mlango wa Kiingereza. Wamejifunza dukani kwa fundi, au katika vyuo vya ufundi, na lugha wanayoelekezana ni Kiswahili. Wakikosa maneno, hujifunza mahali pa vitufe badala ya maana ya vitufe: bonyeza hapa, halafu hapa, kisha vuta. Siku programu inapobadilishwa na vitufe vikahamishwa, ujuzi wote umepotea. Basi anayemtungia msanifu maneno mabaya humnyima chombo cha kufikiria kazi yake.

Kupanga kurasa kwa kompyuta si jambo la jana. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Seattle, Marekani, ilitoa programu ya PageMaker kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh. Mwaka huohuo Apple ilitoa printa ya leza iliyoitwa LaserWriter, ambayo ilitumia lugha ya PostScript iliyobuniwa na kampuni ya Adobe. Vitu hivyo vilipokutana, mtu mmoja aliyeketi mbele ya meza moja aliweza kufanya kazi ambayo zamani iligawanywa baina ya mpangaji herufi, mchoraji, na yule aliyekata vipande vya karatasi na kuvibandika. Zikafuata programu nyingine, QuarkXPress mwaka 1987 na InDesign mwaka 1999, na siku hizi iko pia Scribus ambayo hutolewa bure. Zote zilirithi msamiati wa viwanda vya chapa vya Ulaya na Marekani, msamiati wa watu waliokuwa wakipanga kwa mkono herufi za risasi. Hilo ndilo mfasiri aghalabu husahau. Maneno mengi anayoyakuta katika menyu ni maneno ya karakana, na asili yake ni ya zamani kuliko kompyuta yenyewe. Asiyejua kilichokuwa kikifanywa katika karakana hawezi kuyafasiri, hata akiwa na kamusi tatu.

Nasi tunayo karakana yetu. Gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa Zanzibar mwaka 1888, na Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904. Kwa hiyo Kiswahili kimekwisha kupita mikononi mwa wapanga herufi kwa zaidi ya miaka 100, na mtu anayetafuta istilahi za kazi hii hana sababu ya kuanza na ukurasa mtupu.

Tuanze na neno kubwa kuliko yote, chapa, ambalo tulilipata kutoka lugha za India. Neno hili limezaa watoto watatu: kuchapa, kupiga chapa na kuchapisha. Ofisini, kuchapa ni kuandika barua kwa mashine. Kupiga chapa ni kazi ya mtambo na wino. Ndiyo maana kiongozi wa kiwanda cha chapa cha Serikali ya Tanzania huitwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali, na jina hilo limo katika nyaraka rasmi ambazo watumishi huzishika. Kuchapisha ni kuutoa waraka au kitabu kwa umma, na mchapishaji ni yule anayebeba dhamana ya kazi hiyo, hata kama hana mtambo wala chupa ya wino. Hapa lugha ilikuwa imekwisha kutupangia mambo yetu vizuri. Kompyuta ilipokuja, baadhi ya wafasiri wa menyu waliitwika kuchapisha mizigo yote miwili, ule wa kutoa maandishi kwenye printa na ule wa kuyatangaza kwa umma. Mwongozo ninaouhakiki umeifuata njia hiyo. Katika ukurasa mmoja unamwagiza msanifu achapishe kazi yake ili mkuu wa idara aisome. Kurasa mbili mbele unamkataza kuchapisha kazi yoyote ambayo mkuu wa idara hajaisoma. Msanifu mtiifu afanye lipi?

Mwalimu anaweza kucheka, lakini mtumishi wa serikali hatacheka. Waraka ambao haujaidhinishwa unapaswa kupigwa chapa nakala moja au mbili za kusahihishia, na ni marufuku kuchapishwa. Maneno mawili yaliyokuwa yakilinda tofauti hiyo yamegeuzwa kuwa moja, na wala si kwa sababu Kiswahili kilikosa neno. Naona menyu na miongozo yote irudi katika mgawanyo wa zamani: piga chapa kwa kazi ya printa na mtambo, chapisha kwa kutoa kwa umma. Kuhusu kuchapa kwa maana ya kugonga vitufe, sina ugomvi nako, ingawa kuandika kwa kompyuta kunatosha.

Kwa sababu hiyohiyo siwezi kuliunga mkono neno uchapishaji wa mezani, ambalo mwongozo unalitumia kuwa jina la fani yenyewe. Mtu anayeketi mbele ya PageMaker au Scribus hachapishi, maana hana dhamana ya kutoa kwa umma. Wala hapigi chapa. Anapanga kurasa. Upangaji kurasa ni jina linalotosha, na mwenye kazi hiyo tayari anaitwa msanifu kurasa au mpanga kurasa bila ya kuhitaji kikao.

Sasa niingie katika nafasi, maana huko ndiko mwongozo ulikopotea zaidi. Katika kazi ya kupanga herufi ziko nafasi za namna nyingi, na fundi huzitofautisha kama mpishi anavyotofautisha bizari na pilipili manga. Mwongozo una neno moja tu, nafasi, kwa karibu zote. Na pale ulipotaka kuwa na neno la pili ukaandika uongozi wa mistari. Nilisimama hapo kwa muda. Katika zama za herufi za risasi, mpangaji alipotaka mistari iachane alitia vipande vyembamba vya risasi baina ya mstari na mstari, na Waingereza wakakiita kitendo hicho kwa jina la madini yenyewe. Bahati mbaya, kwa maandishi, jina hilo linafanana herufi kwa herufi na neno lao lenye maana ya kuongoza, ijapokuwa matamshi ni mbali mbali. Mfasiri ameona kuongoza, akaandika uongozi. Hivyo msanifu anaambiwa aongeze uongozi wa mistari kama kurasa zake zinaonekana nzito. Nashangaa kwamba hakuna aliyeuliza mistari hiyo inaongozwa kwenda wapi.

Wengine wamependekeza mwachano wa mistari. Neno hili ni zuri kwa sikio lakini lina kasoro. Tarakimu ambayo programu inaidai haipimi uwazi uliopo kati ya mistari. Inapima umbali kutoka msingi wa mstari mmoja hadi msingi wa mstari unaofuata, yaani ule mstari usioonekana ambao herufi husimama juu yake. Mtu akiandika 12 kwa herufi za ukubwa wa 10, hapati uwazi wa 12; urefu wa herufi zenyewe umo ndani ya hiyo 12. Anayedhani kwamba ni uwazi ataandika 2, na mistari yake itapandana kama vigae. Kwa hiyo napendekeza hatua ya mstari. Hatua nayo hupimwa kutoka unyayo hadi unyayo, na urefu wa mguu umo ndani yake. Kwa neno hilo shauri linasomeka bila maelezo: herufi za 10 zipewe hatua ya 12, mistari ikiwa mirefu, hatua iongezwe kidogo, ili jicho linaporudi kushoto lisikosee mstari.

Kisha kuna nafasi baina ya herufi mbili zinazokaribiana. Herufi zina maumbo, na jozi nyingine hazikai vizuri. A ikifuata T, au W, au Y, huacha pengo kubwa kuliko jirani zake, kwa kuwa moja imeinama huku na nyingine kule. Kwa pengo la namna hii Kiswahili kina mwanya, neno ambalo kila mtu analijua kutokana na meno ya mbele. Kurekebisha mwanya ni kuzisogeza herufi mbili hizo tu na kuziacha nyingine mahali pake. Naomba walimu waliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu Waingereza. Viambishi vyetu wa-, ya-, ta-, na vya- viko kila mahali. Andika kwa herufi kubwa kichwa cha habari kama TAARIFA YA VYAMA VYA WAKULIMA WA KAHAWA, uhesabu mianya mibaya iliyomo. Msanifu asiyekuwa na neno la kulitajia tatizo hili huona tu kwamba kichwa chake kina meno yaliyong'oka, na hajui kwa nini.

Dawa anayoikimbilia ni kukibana kichwa kizima, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kubana au kuachanisha herufi zote za mstari kwa kipimo kimoja napendekeza kuite mbano. Mbano husaidia mstari uliozidi kwa neno moja, lakini hauzibi mwanya. Hubana vilevile pale palipokuwa pamekaa sawa. Mwongozo unayaita mambo yote mawili kupunguza nafasi ya herufi, na hivyo unamwagiza msanifu atumie nyundo mahali pa bisibisi. Neno nafasi lenyewe nalibakizia kazi moja, ile ya kutenganisha neno na neno.

Kipimo kinachotumika katika haya yote mwongozo unakiita nukta. Hapa nitasema kwa ufupi. Nukta katika Kiswahili ni kituo cha mwisho wa sentensi, ni sekunde, na katika kazi hii ni tone dogo la wino ambalo printa huliweka katika karatasi. Tukilipa na kipimo cha ukubwa wa herufi, tutakuwa tumeongeza mzigo wa nne. Mafundi wanasema pointi, na waachwe waseme pointi. Katika programu za kompyuta pointi 72 hufanya inchi moja, kwa hiyo pointi moja ni kama milimita 0.353, na herufi za pointi 12 huhesabiwa kuwa na kimo cha milimita 4 na ushei.

Kuhusu picha, mwongozo unamtaka msanifu ahakikishe kwamba picha zake zina azimio la 300. Kwa msomaji wa Tanzania azimio ni jambo zito, Azimio la Arusha la mwaka 1967 likiwa mbele ya mengine yote. Hupitishwa na mkutano, husomwa hadharani, na hutekelezwa au huachwa. Picha haina azimio. Kosa hili limeenea mno, na hata mashine za kutafsiri hulirudia, kwa sababu neno moja la Kiingereza lina maana ya uamuzi wa mkutano na pia ya uwezo wa picha kuonyesha mambo madogo. Tukiiacha kamusi na kukitazama kitu chenyewe, tutaona kwamba tunahesabu ni pikseli ngapi zimesongamana katika inchi moja. Basi na tuseme msongamano wa pikseli. Faida yake itaonekana mara moja katika hesabu, ambayo ndiyo shauri lenye thamani kubwa kuliko yote katika mwongozo ule, kama lingeeleweka.

Picha yenye pikseli 600 kwa upana, ikihitajiwa msongamano wa 300 kwa inchi, inaweza kupigwa chapa kwa upana wa inchi 2, yaani sentimita 5 tu. Msanifu akiivuta ifike sentimita 15, pikseli hazikuongezeka. Zimetawanyika, na msongamano umeshuka hadi 100 hivi. Katika kioo cha kompyuta picha bado inapendeza, kwa kuwa kioo hakidai msongamano mkubwa. Katika karatasi itatoka na ukungu na ngazi ngazi. Kadhalika picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida imekwisha kupunguzwa njiani, na haifai kuwa jalada hata kama imepigwa kwa kamera nzuri. Mtu aliyeambiwa habari ya msongamano anaweza kuligundua hili mwenyewe kwa kugawanya namba mbili. Mtu aliyeambiwa azimio atatafuta mahali pa kuandika 300, ataiandika, na programu itamkubalia kwa kubuni pikseli ambazo hazikuwapo.

Nafika kwenye jambo ambalo naliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni kusawazisha kingo na kukata maneno. Mwongozo unasema aya zihalalishwe. Msomaji atafikiri kwamba kulikuwa na haramu, na kwa kuwa aya ni pia sehemu ya sura ya Kurani, nadhani mfasiri angefanya vema kuisoma sentensi yake kwa sauti kabla ya kuitoa. Kinachotakiwa ni kwamba mistari yote iishie sawasawa kulia kama inavyoanza sawasawa kushoto. Kusawazisha kingo kunatosha, na kinyume chake ni kuacha ukingo wa kulia huru.

Lakini hata neno lingekuwa jema, shauri lenyewe halitufai bila ya masharti, na hapa tafsiri imeshindwa kwa namna nyingine: imeleta shauri la lugha moja katika lugha nyingine. Kiingereza kina maneno mengi mafupi. Programu inapotaka kusawazisha kingo hugawa uwazi uliobaki kati ya maneno mengi ya mstari, na jicho halioni. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Yatakayoshughulikiwa ni neno moja lenye herufi 20. Katika safu nyembamba, ya gazeti au ya kipeperushi, mstari huweza kuwa na maneno matatu tu, na uwazi wote ukagawiwa nafasi mbili. Ukurasa unakuwa na mashimo, na mashimo yakipangana mstari kwa mstari yanafanya mito myeupe inayoteremka katikati ya maandishi.

Ili kuepuka hayo programu hukata maneno mwishoni mwa mstari, na huyakata kwa kanuni za lugha iliyoambiwa. Kama haikuambiwa, au kama haina kanuni za Kiswahili, huendelea na za Kiingereza. Ndipo tunapokuta lug-ha, watumis-hi, mam-bo, kupen-da, na hata ng-ombe, na kile kiapostrofi kikiwa kimepotelea njiani. Silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, nayo mikato hii huacha konsonanti ikining'inia upande usio wake au huipasua sauti moja vipande viwili. Katika kipeperushi cha duka hilo ni jambo la kuudhi. Katika kitabu cha darasa la kwanza ni madhara, maana mtoto hufundishwa kusoma kwa silabi, na kitabu chenyewe kinamwonyesha kwamba lugha ni lug na ha.

Mwongozo hausemi neno hata moja kuhusu hili. Kwa kuwa ni pengo ambalo wasomaji wetu wanaweza kuliziba, nitalieleza kwa urefu kidogo. Neno likatwe baada ya irabu: wa-tu-mi-shi, ku-pe-nda, ma-mbo, lu-gha. Herufi zinazosimama kwa sauti moja, kama ch, dh, gh, kh, ny, sh, th na ng', zisitenganishwe kamwe, wala mb, nd, ng, nj, nz na mv zisipasuliwe. W na y zinazofuata konsonanti zibaki nayo, kama katika mwa-li-mu na vya-ma. M inayosimama peke yake, kama katika mtu na mti, ni silabi kwa haki yake, lakini isiachwe pweke mwishoni mwa mstari, maana msomaji hataijua. Maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu yana silabi zinazoishia kwa konsonanti, na huko mkato ufuate matamshi: lab-da, mak-ta-ba, daf-ta-ri. Maneno yanayojirudia, kama polepole na mbalimbali, yakatwe katikati kama mstari unaruhusu. Kanuni hizi zinaenea katika nusu ukurasa. Zikitolewa rasmi kwa sura ambayo waundaji programu wanaweza kuitumia, zitawasaidia wasanifu wengi kuliko orodha ndefu ya istilahi.

Kwa sasa, msanifu ambaye programu yake haina Kiswahili na afanye moja kati ya mambo mawili. Azime ukataji maneno wa programu na kuuacha ukingo wa kulia huru, jambo ambalo katika safu nyembamba ni bora kila mara. Au, akilazimika kusawazisha, atie mwenyewe kistari fiche, yaani kile kistari ambacho hakionekani mpaka neno linapofika mwisho wa mstari. Asitie kistari cha kawaida. Maandishi yakisogezwa baadaye kwa kuongezwa neno moja tu juu yake, kistari cha kawaida hubaki katikati ya mstari, nasi tutasoma watu-mishi katikati ya sentensi, kama ambavyo tumekwisha kusoma katika magazeti mara nyingi.

Mengine ya mwongozo nitayapita haraka. Shauri la kuacha picha itoke damu nje ya ukurasa linatisha bure. Kinachotakiwa ni kwamba picha au rangi inayofika ukingoni ivushwe milimita 3 kila upande, ili kisu cha kukatia kikikosea kidogo kisiache uzi mweupe. Ziada ya ukingo inaeleza hivyo, na msanifu ataona mwenyewe kwamba ukurasa wa A4, wenye milimita 210 kwa 297, unapaswa kutayarishwa kwa milimita 216 kwa 303. Kwa upande wa rangi mwongozo umefanya vizuri kutofautisha rangi za mwanga na rangi za wino, na napendekeza maneno hayo yapokewe kama yalivyo. Kioo huchanganya nyekundu, kijani na buluu kwa mwanga, na mtambo huchanganya siani, majenta, manjano na nyeusi kwa wino. Aliyesoma maneno hayo mawili hatashangaa tena kwa nini kijani kikali cha kiooni kinafifia karatasini. Pambizo, safu, kijajuu na kijachini vimetumika sawasawa. Kupachika fonti, yaani kuziweka ndani ya faili ya PDF ili kiwanda kisizibadilishe kwa nyingine, ni neno zuri kabisa, na ningependa kujua nani alilitunga.

Najua liko jibu ambalo nitapewa na vijana wa madukani. Watasema kwamba wao hawana shida: wanasema leyauti, kerningi, blidi, na kazi inakwenda. Sipingi kukopa. Fonti, pikseli, pointi na vekta ni wageni waliokwisha kupata kibali cha kuishi, na hakuna atakayefaidika tukiwafukuza. Hata chapa aliingia kwa njia hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofanya kazi ya kuitia programu ya OpenOffice katika Kiswahili, iliyotolewa mwaka 2004, ilionekana wazi kwamba faili na kompyuta si maneno ya kupigana nayo. Lakini kuna tofauti baina ya kukopa jina la kitu ambacho hatukuwa nacho na kukopa jina la mwanya. Anayesema kerningi kwa mwanafunzi wake lazima amweleze kwa maneno kumi. Anayesema mwanya amekwisha kueleza. Na nimeona pia kwamba wasemao kerningi dukani aghalabu wanakusudia mbano. Neno lililokopwa bila maana yake huchukua maana yoyote iliyo karibu.

Limebaki jozi moja ambalo sina hakika nalo, nami naliweka mbele ya wasomaji. Mstari wa mwisho wa aya ukiangukia peke yake juu ya ukurasa mpya, na mstari wa kwanza wa aya ukibaki peke yake chini ya ukurasa, Waingereza huwaita mjane na yatima, na mwongozo umewafasiri hivyohivyo. Tafsiri ni sahihi, lakini mafundi wa Kiingereza wenyewe husahau yupi ni yupi, na sioni sababu ya kuurithi usahaulifu huo. Kiswahili kina mkiwa, mtu aliyeachwa bila wa kwake. Mstari mkiwa wa juu na mstari mkiwa wa chini yangetutosha, na agizo lingekuwa fupi: programu iambiwe isiache chini ya mistari miwili ya aya upande wowote wa mkato. Kama wapo wasomaji, hasa walio karibu na viwanda vya zamani vya Zanzibar na Tanga, wanaolikumbuka neno ambalo wapanga herufi walikuwa wakilitumia kwa mstari wa namna hiyo, waliandike na kulileta kabla orodha haijafungwa.